UTAMTUMAINI NANI?

Ndugu kijana, usiitupe karatasi hii. Labda umepewa hapa uwanjani, labda stendi, labda umeikuta tu juu ya kiti cha daladala. Isome taratibu mpaka mwisho. Haitakuchukua hata nusu saa. Ukimaliza, amua mwenyewe.

Ninalo swali moja tu kwako: Unamtumaini nani?

Sikuulizi dini yako. Sikuulizi kama ulibatizwa ukiwa mtoto, wala kama bibi yako alikuwa mama wa kanisa. Nakuuliza habari za usiku. Wenzako wamelala, simu imeisha chaji, na wewe umelala chali unayaangalia mabati. Kodi ya chumba imefika. Kazi hakuna. Mama kijijini anaumwa. Saa hiyo, maisha yako umeyaegemeza wapi?

Vijana wengi wananijibu hivi: "Mtumishi, mimi simtumaini mtu. Dunia ya leo ukimwamini mtu umekwisha. Na huyo Mungu wenu simwoni. Nitamtumainije nisiyemwona? Si ujinga huo?"

Swali hilo ni zuri, na sitakukemea kwa kuliuliza. Wapo watu wakisikia swali kama hilo wanasema una pepo. Hapana! Akili uliyo nayo alikupa Mungu, naye haogopi uitumie. Tomaso aliambiwa na wenzake kwamba Yesu amefufuka, akakataa katakata mpaka aone kwa macho na kugusa kwa mkono. Yesu alipokuja hakumfukuza. Alimwonyesha makovu (Yohana 20:24-29). Basi na sisi tulijibu swali lako bila hasira.

1. HAKUNA MTU ASIYETUMAINI

Unasema humtumaini mtu. Hebu tuangalie siku yako moja tu.

Asubuhi umepanda daladala. Je, ulimwomba dereva leseni? Uliinama chini ukapima breki? Hukufanya hivyo. Uliingia, ukakaa, na ukasinzia. Mchana umekula chipsi kwa mama ntilie. Je, uliuliza yale mafuta yamekaangia mara ngapi? Hukuuliza. Jioni umemtumia mtu pesa kwa simu, mtu aliye mbali mikoa mitatu, ukiamini kwamba itamfikia. Usiku umepanda bodaboda ya kijana usiyemjua jina, mvua inanyesha, na wewe umemshika kiunoni.

Na Jumamosi umeweka mkeka. Hapo ndipo nacheka kidogo, usinune. Umetoa buku lako la chakula, ukaliweka mikononi mwa wachezaji ishirini na wawili walioko Ulaya, watu usiowajua na wao hawakujui, nao hawana habari kama umekula au umelala njaa. Mkeka ukichanika, hakuna hata mmoja atakayekupa pole. Halafu unaniambia wewe huwezi kumtumaini usiyemwona!

Unaona, ndugu yangu? Kila mtu anatumaini. Asiyemtumaini Mungu anatumaini kitu kingine: elimu yake, mjomba wake mwenye cheo, uzuri wake, nguvu za mikono yake, au mganga. Hata yule anayesema anajitegemea mwenyewe ameutumaini mwili ambao malaria moja ya wiki mbili inatosha kuulaza kitandani.

Kwa hiyo swali halisi si kama utatumaini au hutatumaini. Swali ni UTAMTUMAINI NANI.

Nabii Yeremia alieleza jambo hili kwa mfano wa miti miwili (Yeremia 17:5-8). Mmoja ni kichaka kilichoota jangwani, na huyo ni mtu aliyeweka tegemeo lake kwa binadamu. Mwingine ni mti uliopandwa kando ya maji, na huyo ni mtu aliyemtegemea Mungu. Sasa fikiri sana hapa: mvua ikinyesha, miti yote miwili ina majani. Ukipita barabarani huwezi kuwatofautisha watu hawa wawili. Wote wana simu nzuri, wote wanacheka. Lakini kiangazi kikija ndipo mizizi inaposema ukweli. Je, wewe mizizi yako iko wapi?

2. IMANI KUBWA HAITOSHI

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana siku hizi, hata ndani ya makanisa. Watu wanasema: "Amini tu! Ukiamini kwa nguvu, lolote litawezekana." Kana kwamba imani yenyewe ndiyo inayookoa.

Ndugu, hiyo si kweli. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo kuna familia zinazolia. Je, watu wale hawakuwa na imani na ile meli? Walikuwa nayo! Walilipa nauli, walipanda na mizigo yao, wengine walikuwa wamelala usingizi na watoto wao. Imani yao haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye chombo.

Sasa geuza mfano. Mchukue mtu mwingine, mwoga wa maji. Anapanda meli nzima, imara, yenye nahodha mzuri. Anatetemeka njia nzima. Kila wimbi anashika nguzo. Je, atafika? Atafika! Atafika saa ileile na yule aliyekuwa akila karanga huku anaimba.

Umeelewa? Kinachokufikisha ng'ambo si ukubwa wa imani yako, ni uzima wa chombo ulichopanda. Imani ndogo ndani ya chombo imara inavuka. Imani kubwa ndani ya chombo kibovu inazama.

Ndiyo maana Yesu alisema hata imani iliyo kama punje ya haradali inatosha (Mathayo 17:20). Na yupo baba mmoja ambaye mtoto wake aliteswa na pepo tangu udogo. Alimwambia Yesu machozi yakimtoka kwamba anaamini, lakini akakiri palepale kwamba imani yake ina upungufu, akaomba asaidiwe hapo alipopungukiwa (Marko 9:24). Je, Yesu alimwambia aende kwanza akaongeze imani ndipo arudi? La! Mtoto aliponywa siku ileile.

Kwa hiyo kama unasema, "Mimi imani yangu ni ndogo mno, siwezi kuokoka," nakujibu kwa furaha: hiyo ndogo uliyo nayo ilete. Acha kuipima imani yako kila siku. Mwangalie yule unayemwamini.

3. KUTUMAINI SI KUFUMBA MACHO

Hapo utaniuliza: "Sasa nitajuaje kwamba chombo ni kizima? Mbona wapo waliomwamini mhubiri wakaangamia?"

Umesema kweli, wala sitaficha. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi huko Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne. Walikuwa watu waliokwenda kufunga kula hadi kufa, wakiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Kulikuwa na watoto wadogo kati yao. Na mwezi Machi mwaka 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini wa kikundi kimoja walikufa, wengi wao wakiteketea ndani ya jengo lao la ibada.

Ninapoyakumbuka hayo siwezi kukuambia, "Wewe amini tu, usiulize." Nikikuambia hivyo nakupeleka msituni.

Sikiliza Biblia yenyewe inavyosema. Paulo alipohubiri mji wa Beroya, watu wa kule hawakumeza tu kila neno. Kila siku walifungua Maandiko wakachunguza kama anayosema ndivyo yalivyo. Je, Biblia inawaita wakaidi? Inawasifu (Matendo 17:11)! Yohana naye anatuonya tusiamini kila roho, bali tuzijaribu (1 Yohana 4:1). Na Yesu mwenyewe, Shetani alimpandisha juu ya hekalu akamwambia ajirushe chini, malaika watamdaka. Shetani alitumia hata andiko! Yesu alikataa, akasema haifai kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Fikiri hilo. Hakuna aliyemtumaini Mungu kuliko Yesu, na Yesu hakuruka.

Kwa hiyo shika alama hizi. Mhubiri akikukataza kuisoma Biblia mwenyewe, mkimbie. Akikutenga na wazazi wako na kukuambia usiwaambie neno, mkimbie. Akikuambia utupe dawa zako za kisukari au za virusi kama ushahidi wa imani, mkimbie mbio! Mungu anaponya, mimi nahubiri hivyo na ninawaombea wagonjwa. Lakini Luka, aliyeandika moja ya Injili, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo alimpa Timotheo ushauri wa kutunza tumbo lake lililokuwa likimsumbua mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Kumeza dawa na kumtumaini Mungu havigombani. Na ukiponywa, daktari atapima, ataona.

Tena akikuambia toa elfu kumi Mungu akurudishie laki moja, jiulize: hiyo inatofautiana nini na ule mkeka? Mungu si mkeka! Ukimtafuta Mungu kwa ajili ya gari, wewe hujamtumaini Mungu. Umelitumaini gari, na Mungu umemfanya dalali.

4. KWA NINI YEYE ANASTAHILI

Basi tuchunguze chombo chenyewe. Kwa nini nikuambie umtumaini Mungu wa Biblia?

Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Rafiki hupimwi naye siku ya pilau, unapimwa naye siku ya msiba. Yupo anayekutumia ujumbe wa pole kwa simu. Yupo anayekuchangia pesa. Na yupo anayekuja mwenyewe, anavua viatu, anakaa na wewe chini kwenye mkeka, analala pale msibani siku tatu. Huyo wa mwisho huwezi kumsahau.

Habari Njema ni hii: Mungu hakututumia pole kutoka mbinguni. Alikuja mwenyewe. Alizaliwa katika zizi, si ikulu. Alikulia nyumba ya seremala. Alijua njaa, alijua uchovu, alilala mashuani kwa kuchoka. Alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro (Yohana 11:35). Alisalitiwa na mtu waliyekula sahani moja. Alishtakiwa kwa uongo, akahukumiwa usiku na asubuhi, akapigwa, akatundikwa msalabani chini ya liwali wa Kirumi aitwaye Pontio Pilato. Na kwa nini? Kwa dhambi zako na zangu. Deni lilikuwa letu, akalilipa yeye.

Paulo anajenga hoja hapo, tena hoja nzito: kama Mungu hakumzuia hata Mwanawe, akamtoa kwa ajili yetu sote, ataacha kutupa lipi tena tunalolihitaji kweli (Warumi 8:32)?

Na siku ya tatu kaburi lilikuwa wazi. Usidhani Biblia inasema hili kama hadithi ya sungura na fisi. Paulo aliandika kwamba zaidi ya watu mia tano walimwona Yesu mfufuka kwa pamoja, na kwamba wengi wao walikuwa wangali hai wakati anaandika (1 Wakorintho 15:6). Ni kama kusema: mashahidi wapo, nenda kawaulize. Mtu mwongo haongei hivyo. Mwongo huwataja mashahidi waliokwisha kufa.

Hicho ndicho chombo, ndugu yangu. Kimepita katika dhoruba kubwa kuliko zote, yaani mauti, kikatokea upande wa pili.

5. TUMAINI LINAKUAJE?

Huwezi kumtumaini mtu usiyemjua. Mgeni akikuomba umwachie duka lako utakataa. Lakini rafiki wa miaka kumi, utampa ufunguo. Kilichobadilika ni nini? Umemjua. Na Mungu ni vivyo hivyo. Tumaini haliji kwa kukunja uso na kukaza ngumi. Linakuja kwa kumjua. Nakupa njia nne.

Kwanza, SOMA NENO LAKE. Imani inakuja kwa kulisikia Neno (Warumi 10:17). Usianze na vita vya wafalme ukachoka njiani. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Soma sura moja kila siku, siku 16 umemaliza. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini Marko inasomeka. Unaposoma jiulize: huyu Yesu ni mtu wa namna gani? Anawatendeaje maskini, makahaba, wakoma, wenye vyeo? Je, mtu kama huyu naweza kumkabidhi maisha yangu?

Pili, TII KATIKA DOGO. Daudi hakuanza na Goliathi. Alianza na simba na dubu porini, akichunga kondoo, bila mtu wa kumpigia makofi (1 Samweli 17:34-37). Alipofika mbele ya lile jitu alikuwa na kumbukumbu. Na wewe anza na simba wako. Chenji iliyozidi, irudishe. Uongo ule uliomwambia mama yako, mweleze ukweli. Yule binti uliyempa mimba ukamkimbia, rudi ukabebe wajibu wako. Utaona Mungu anavyokushika mkono katika dogo, na utapata ujasiri wa kumpa kubwa.

Tatu, MWAMBIE KWELI. Usimwombee Mungu kwa sauti ya kuigiza. Zaburi ya 13 inaanza kwa malalamiko ya mtu anayeona kama amesahauliwa. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaisha gizani. Na Mungu aliziacha zote mbili ndani ya Kitabu chake! Kumbe hachukii machozi yako. Kama umekasirika, mwambie. Anayenung'unika mbele za Mungu bado anazungumza naye.

Nne, USIKAE PEKE YAKO. Kaa la moto likitolewa jikoni likawekwa pembeni, linazimika. Tafuta watu wanaoamini, mkae pamoja, mtiane moyo (Waebrania 10:24-25).

Na usitegemee kumaliza kwa wiki moja. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipotoka kwao kwa neno la Mungu (Mwanzo 12:4). Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100 (Mwanzo 21:5). Hesabu mwenyewe: miaka 25! Na humo katikati aliogopa, alidanganya habari za mkewe, alijaribu njia za mkato. Mungu hakumwacha. Anaitwa baba wa imani, na imani yake ilijengwa kidogo kidogo, kama nyumba ya maskini: leo tofali mbili, mwezi ujao tatu.

6. NA ASIPOJIBU?

Sasa tumefika penye moto. Maana kuna mmoja anayesoma hapa anasema, "Mtumishi, mimi niliomba. Niliomba baba yangu apone. Akafa." Mwingine anasema, "Nimeomba kazi miaka mitatu."

Sina jibu la kufungia midomo. Siwezi kukuambia kwa nini baba yako alikufa. Rafiki zake Ayubu walijifanya kulijua jibu la namna hiyo, wakasema mengi, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu (Ayubu 42:7).

Lakini naweza kukuonyesha waliopita njia hiyo kabla yako. Shadraka, Meshaki na Abednego walisimama mbele ya tanuru. Walimjibu mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, lakini wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawatainamia sanamu yake (Danieli 3:17-18). HATA ASIPOWAOKOA! Hapo ndipo tumaini linapotengana na biashara. Mfanyabiashara asipolipwa anafunga duka. Mtoto asipopewa alichoomba, analia, lakini halali nje. Anarudi nyumbani kwa baba.

Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake. Haukutolewa. Alipewa neema ya kuubeba (2 Wakorintho 12:7-9). Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba (Marko 14:36). Kama Mwana wa Mungu aliomba na kikombe hakikuondolewa, usimruhusu mtu akuambie kwamba hukujibiwa kwa sababu huna imani.

Hata Kitabu hiki nilichokuambia ukisome kilianza kuletwa katika Kiswahili chetu wakati wa msiba. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Yule mtoto naye akafa baada ya siku chache. Krapf aliwazika palepale pwani. Alikuwa na sababu zote za kupanda jahazi na kurudi kwao, na kusema Mungu amemtupa. Hakurudi. Mwaka huohuo wa kaburi ndio mwaka alioanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kazi ile iliendelezwa na wengi baada yake, mpaka leo unaweza kuinunua Biblia nzima dukani.

Na Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum. Wakati wa utawala wa Idi Amin watu wengi waliuawa. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huohuo alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Je, Mungu alishindwa kumwokoa? Tanuru lilimchoma, ndugu. Lakini leo Amin hayupo, na kila tarehe 16 Februari taifa lote la Uganda linapumzika kazi kumkumbuka Luwum. Na kwa imani yetu huo ni mwanzo tu, maana yupo Mungu awafufuaye wafu.

Waebrania sura ya 11 inawataja waliofunga vinywa vya simba kwa imani. Halafu, bila hata kugeuza ukurasa, inawataja waliopigwa mawe na kukatwa kwa msumeno kwa imani ileile (Waebrania 11:33-37). Kundi la kwanza halikuwa na imani kubwa kuliko la pili. Wote walikuwa kwenye chombo kimoja. Wengine walivuka maji yakiwa shwari, wengine yakiwa na mawimbi. Lakini wote wamevuka.

7. SASA NI ZAMU YAKO

Ndugu kijana, umesoma mpaka hapa, wala si bure. Kuna kitu ndani yako kimechoka kubeba mzigo peke yake.

Sikuahidi kwamba ukiokoka leo kesho utapata kazi. Naweza kukuahidi kile ambacho Yesu mwenyewe aliahidi: kwamba atasamehe dhambi zako zote, kwamba atakuwa na wewe siku zote, na kwamba mauti haitakuwa mwisho wako. Unajua mtu anayeamka asubuhi akiwa amesamehewa anatembeaje? Anatembea kichwa kikiwa juu, hata kama kandambili zake zimekatika.

Usiseme kesho. Kivuko kinapoondoka hakimngoji anayeendelea kufikiri gatini. Unaweza kujua kila kitu kuhusu meli, jina la nahodha, idadi ya injini, na bado ukabaki ufukweni. Mwisho wa maneno yote, lazima upande.

Kama uko tayari, hapo ulipo, hata kama ni ndani ya basi, sema maneno haya kutoka moyoni:

"Bwana Yesu, nimetumaini vitu vingi, na vingi vimeniangusha. Mimi ni mwenye dhambi na siwezi kujiokoa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe. Imani yangu ni ndogo, lakini nakuletea hiyohiyo. Shika maisha yangu, siku ya mvua na siku ya kiangazi. Unifundishe Neno lako nikujue. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali hivyo kwa kweli, Mungu amekusikia. Usisubiri kusikia umeme mwilini. Ameahidi, na ahadi yake ndiyo kamba ya kushika.

Sasa fanya mambo matatu. Leo usiku fungua Marko sura ya kwanza. Kesho mwambie mtu mmoja kwamba umempokea Yesu. Na Jumapili hii nenda kwenye kanisa linalolihubiri Neno na linalokuruhusu kulichunguza, ukae na watu wa Mungu.

Na ukimaliza kuisoma karatasi hii usiitupe. Mpe yule rafiki yako wa kijiweni anayesema hamtumaini mtu.

Mungu akubariki sana. Bwana Yesu asifiwe!